Ukuta Mwembamba

Bergen, Norway
6 Machi 1994

Dada Mwana,

Shikamoo. Ramadhani inakwendaje huko?

Barua yako imefika. Kurasa tatu nzima za bei za mitumba, mkeka mpya na jogoo wa jirani asiyejua saa, halafu mwisho kabisa, pembeni ya karatasi, umeandika kama mtu anayepita njia: "Kuna kijivimbe kwenye ziwa la kushoto, lakini hakiumi." Dada, hicho ndicho ulichokaa kuniandikia. Hayo mengine yote ulikuwa unakifunikia.

Kutouma kwake kusikufurahishe. Nenda hospitali, usingoje Idd ipite.

Wewe huwa unawaambia watu Tandika kuwa nasomea udaktari. Si kweli, na leo inabidi nikueleze. Nakaa maabara naangalia vipande vya matiti ya wanawake nisiowajua. Kipande hutiwa formalini kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikapakwa rangi, kikawekwa chini ya darubini. Ndani ya ziwa mna mifereji ya maziwa, na kila mfereji umezungukwa na ukuta mwembamba. Kansa huanzia ndani ya mfereji. Ukuta ukiwa mzima, ugonjwa umefungiwa humo, na ukikatwa umekatwa. Lakini zipo kansa zinazotoa majimaji ya kuuyeyusha ukuta, zikapenya, zikaenda zinakotaka. Kazi yangu ni kutafuta alama za majimaji hayo. Natafuta na alama nyingine pia, kwa sababu zipo kansa zinazolishwa na homoni za kike, na hizo zina vidonge vyake.

Ukikatwa, waambie wasikitupe kilichotoka. Wakitie formalini, shemeji Khalfani anitumie. Profesa wangu amekubali nikiangalie mwenyewe. Sitaki mtu mwingine akiangalie.

Mimi nafuturu dirishani na tende alizonipa Hawra, yule binti wa Upanga tuliyesafiri naye. Yeye anakaa upande wa pili wa mji, tunaonana mara chache. Mvua hainyamazi. Kuna siku sauti yangu naisikia mara moja tu, nikimwambia mwenye duka ahsante.

Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Shamimu


Tandika, Temeke
2 Aprili 1994

Shami,

Marahaba. Idd imepita, pilau tumekula, nafasi yako tumeiacha mkekani kama kawaida na paka wa jirani akaikalia.

Nimekwenda. Si kule hospitali kubwa, maana kwa foleni ile mtu anaweza kufa kwa kungoja kabla ya kufa kwa maradhi. Tumekwenda kwa daktari mmoja aliyeacha serikali akafungua yake, siku hizi kila kitu ruksa. Kanichoma sindano kwenye uvimbe, kavuta, kapaka kwenye vijioo, katazama. Kasema ni yenyewe. Ziwa lote litoke.

Majirani nimewaambia jipu. Sokoni nimewaambia nakwenda msibani Kilwa. Maradhi haya ukiyataja tu, watu wanaanza kukutazama kifuani kabla ya usoni. Na mie ninauza sidiria za mitumba! Nitamsimamia vipi mteja nimwambie, "Hii itakukaa mwanangu, nijaribu mie uone"? Mungu ana yake, astaghfirullah.

Hilo la kipande nimemwambia shemeji yako. Ameguna, halafu amekubali. Mie nimelifurahia. Daktari anasema "tutaona," Khalfani anasema "inshallah," na wote wawili wanautazama ukuta wa chumba wakisema. Wewe hujawahi kuniongopea. Ulipovunja birika la mama ulikuja mwenyewe na vipande mkononi, na kipigo ulikijua. Kwa hiyo utakachokiona ndicho uniambie: huo ukuta umesimama au umevunjika.

Naogopa, Shami. Huku sina wa kumwambia, nakwambia wewe.

Dadako,
Mwanabaraka


Kurasini
24 Aprili 1994

Kwako shemeji Shamimu,

Assalaam aleykum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa kazini, nimekaa kwenye kivuli cha kontena, lori letu linangoja karatasi za forodha.

Dada yako amekatwa siku ya Jumatano. Ameamka salama, amekunywa uji, ameuliza kama nimefunga kuku. Alhamdulillah. Kuhusu kile kipande, ondoa wasiwasi, daktari ameshachukua cha kwako. Nitakwenda kukifuata na kukitafutia msafiri mwaminifu.

Shemeji, nina ombi. Dada yako bado ni dhaifu, na mgonjwa hatwishwi maneno. Usimwandikie habari za maradhi mpaka kidonda kifunge. Mwandikie mambo ya kumchekesha. Haya mazito tuandikiane mimi na wewe.

Wasalaam,
Khalfani Shomari


Bergen
29 Mei 1994

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia unaendelea vizuri!

Huku wanasema ni majira ya joto, nami navaa koti. Juzi upepo uligeuza mwavuli wangu nje ndani, bibi wa chumba cha chini akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Ndiye mtu wa kwanza hapa kucheka na mimi. Anafuga paka, kampa jina refu la mfalme. Nimejifunza kula mkate mweusi, mgumu kama kibao cha kukunia nazi. Ukija nitakupa.

Kula vizuri, pumzika. Nawasalimia wote.

Shamimu


Tandika
18 Juni 1994

Shami,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka.

Umeniandikia mwavuli, paka na mkate. Hukuandika neno hata moja juu ya nyama yangu. Shemeji yako kaniambia kipande kiliondoka siku nyingi. Basi kiko kwako, na umekwisha kukiangalia. Mie nakujua. Ungekuwa umeona jema ungeliandika juu kabisa, hata shikamoo ungesahau. Hukuandika, nami nimeelewa.

Kanga zangu za doti nimempa wifi. Mkeka mpya nimempa binti wa jirani anayeolewa. Shemeji yako ananiuliza kwa nini, namwambia nyumba imejaa vitu.

Na kweli imejaa, vitu na watu. Wanakuja asubuhi na jioni. Wananiambia nimenawiri, wananiambia Mungu mkubwa, wananywa chai. Hakuna anayeniuliza kitu, na nikifungua mdomo tu mtu anaanza habari za bei ya sukari. Nakaa katikati yao nimetia pamba kwenye sidiria, nangoja waondoke. Wakiondoka natamani warudi.

Kama bado wewe ni mdogo wangu, nijibu kwa neno moja.

Mwanabaraka


Bergen
8 Julai 1994

Shemeji Khalfani,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Hawra anasafiri kuja Dar kesho kwa likizo na barua hii ataileta mwenyewe.

Kipande hakijafika. Tangu Aprili sijaona kitu. Nilikutii, sikumwandikia dada habari za ugonjwa, naye amedhani ninamficha kifo chake. Anagawa nguo! Kiko wapi? Kama kimekwama kwa msafiri, nitajie jina lake. Kama bado kiko hospitali, kichukue leo, pamoja na vile vijioo vya sindano, mpe Hawra nyumbani kwao Upanga.

Shemeji, bila kipande hicho hakuna mtu duniani atakayejua kama ugonjwa umepenya. Tafadhali.

Shamimu


Kurasini
25 Julai 1994

Shemeji Shamimu,

Marahaba. Nakueleza kama ilivyokuwa.

Siku ile ya operesheni muuguzi alinitolea ndoo yenye kifuniko. Akaniuliza, "Mzee, mnachukua wenyewe au tuchome?" Tuchome! Kiungo cha mke wangu, kilichonyonyesha watoto wangu, kichomwe pamoja na takataka za hospitali? Unajua sisi kiungo cha mtu kikitoka kinarudi ardhini. Nikamuuliza, "Daktari ameshachukua kipande chake?" Akasema ameshachukua. Nikashukuru. Nikanunua kitambaa cheupe, nikakiviringisha humo kiungo kile, nikaenda peke yangu makaburini Mtoni nikakizika karibu na marehemu mama.

Nilipofuata kipande chako, daktari akanishangaa. Yeye alijua chote nimekichukua mimi ili nikutumie. Muuguzi aliposema daktari ameshachukua, alimaanisha vile vijioo vya sindano. Kwa kuwa kilikuwa na juma zima ardhini, daktari akasema hata nikifukua hakifai kitu.

Nilirudi nyumbani, dada yako akaniuliza kama kimeondoka. Alikuwa ameegemea mto, kifua kimefungwa. Nikamwambia kimeondoka. Tangu hapo nimeshindwa kurudi nyuma.

Vijioo nimempa Hawra. Lakini mpaka afike, na mpaka wewe uone, dada yako atakuwa wapi? Hali chakula, hacheki. Shemeji, mwandikie kwamba umekiona na ni salama. Neno la kumnusuru mtu Mungu halitii kwenye uongo. Langu haliamini tena, lako ataliamini.

Nisitiri, nikusitiri.

Khalfani


Bergen
10 Agosti 1994

Dada Mwana, mpenzi wangu,

Shikamoo. Nisamehe nilivyokuweka roho juu. Nilitaka kuwa na hakika, nikarudia na kurudia kupaka rangi.

Nimekiona kipande chako. Nilikiweka chini ya darubini asubuhi kabla wenzangu hawajafika. Mfereji wako ni mviringo mzuri, na ukuta wake umeuzunguka wote, mstari wa kahawia usiokatika popote. Nimeufuata pole pole mpaka nikarudi nilipoanzia. Umesimama, dada. Ugonjwa ulikuwa ndani, na umetoka wote.

Sasa kula. Rudisha kanga zako kwa wifi.

Mdogo wako akupendaye,
Shamimu


Tandika
14 Agosti 1994

Shami wangu,

Leo barua yangu ni ndefu, jitayarishe.

Khalfani kaniambia. Ijumaa alirudi msikitini, akakaa chini mbele yangu kama mtoto aliyekojoa kitandani, akalia. Hakuna kipande kilichosafiri. Ziwa langu liko Mtoni, karibu na mama mkwe, na yule mama tulipokuwa hai wote wawili hatukuwahi kukaa mkeka mmoja bila maneno! Nilimkasirikia shemeji yako mpaka basi. Halafu nikamwambia anipeleke.

Ni pahali padogo, hujui kama pana kitu. Nikakaa. Si kila mtu hujaliwa kuketi kando ya kaburi lake mwenyewe akiwa anapumua. Sikujua niombe dua gani, nikasoma Fatiha. Khalfani alisimama mbali. Nilimhurumia, Shami. Hakutaka nichomwe.

Lakini sababu ya kukuandikia ni nyingine. Mie nilikuwa nimekudhania vibaya. Nilisema unanificha. Kumbe ulinyamaza kwa kuwa huna kitu cha kusema, na hukutaka kubuni. Tangu siku hiyo nimekula. Mume wangu kaniongopea, daktari na muuguzi kila mmoja na lake, majirani ndiyo usiseme, lakini wewe hukuniongopea. Nina mtu mmoja. Inanitosha.

Nisamehe, mdogo wangu.

Mwana


Tandika
3 Septemba 1994

Shamimu,

Barua yako ya tarehe kumi imefika. Nimesoma habari za mfereji wangu mviringo na mstari wa kahawia.

Ulikuwa unafuata nini na hiyo darubini?

Mwanabaraka


Bergen
25 Septemba 1994

Dada,

Shikamoo. Barua zako mbili zilifuatana, ile nzuri ikatangulia. Nilipoisoma nilitamani nikimbilie posta nikaizuie yangu, na yangu ilikuwa imeshafika.

Nisamehe. Nilikosa. Lakini sasa sikiliza, maana hii ni ya kweli. Hawra ameleta vijioo vile vya sindano. Nimevipaka rangi. Chembe zako zina alama ya kupokea homoni, kwa hiyo kuna vidonge vitakavyokuponya. Baba yake Hawra, Bwana Abdulhussein, ana duka la dawa, amekuwekea. Daktari wako nimemwandikia na amekubali. Shemeji akavichukue, unywe kimoja kila siku. Utapona, dada, usiwe na shaka yoyote.

Shamimu


Tandika
20 Oktoba 1994

Shamimu,

Vidonge vimefika. Viko juu ya kabati.

Ulinieleza nyama iliyokuwa chini ya udongo, mpaka rangi yake na asubuhi uliyoitazama. Nilisoma barua ile nikiwa nimetoka kukaa juu ya udongo wenyewe. Sasa unanieleza vijioo, na tena unaniambia usiwe na shaka. Nitajuaje? Labda ni vidonge vya kunituliza tu, kama maneno. Shemeji yako ananibembeleza kila asubuhi na bilauri ya maji. Namwambia huyo aliona kilichozikwa, hawezi kushindwa kuona kingine.

Kidonda kimefunga. Nimerudi sokoni. Usinitumie tena habari njema.

Mwanabaraka


Bergen
9 Novemba 1994

Dada Mwana,

Shikamoo.

Nimechana barua nyingi kabla ya hii. Kila niliyoandika ilikuwa inakubembeleza. Hii sitakubembeleza.

Sindano ikivuta, hunyonya chembe peke yake. Ukuta hauji nazo. Kwenye vijioo vyako nimeona chembe za kansa, zimetawanyika kama mchele uliomwagika, na hakuna mtu awaye yote, hata profesa, anayeweza kusema zilitoka ndani ya ukuta au nje yake. Kama umevunjika, sijui. Sitajua. Kilichoweza kutuambia kimezikwa.

Alama ya homoni nimeiona. Viini vingi vya chembe hizo vimeshika rangi, vingine havikushika, na sijui vile visivyoshika vina maana gani kwako. Sina ustadi wa miaka, na vijioo vilikuwa vimekaa sana. Nilimwita mwenzangu wa maabara atazame bila kumwambia ni vya nani, naye akasema alama ipo. Vidonge hivi huwasaidia wengi wenye alama hiyo. Si wote. Nilikuandikia vitakuponya, hilo nilitia mimi. Vinaweza kukuletea joto mwilini na kukukatisha hedhi. Kama utaishi miaka ishirini au miwili, sijui.

Nilikuongopea kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba hiki na barua yako ya kugawa kanga, sina mtu wa kumsomea, nikaona nikiandika kwamba ukuta umesimama, basi kwangu pia utakuwa umesimama. Kwa siku chache niliamini mwenyewe. Nililala vizuri, dada. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Ningekuwa wewe ningemeza. Lakini mimi si wewe, na mwili ni wako.

Theluji imeanza. Bibi wa chini amehamishiwa kwa mwanawe, paka kamchukua. Ngazi ziko kimya.

Shamimu


Tandika
3 Desemba 1994

Shami,

Marahaba.

Barua yako nimeisomea sokoni, juu ya fungu la sidiria, wateja wananiita na mie nasoma. Umeandika "sijui" mpaka nikadhani kalamu yako imekwama hapo. Nilipofika mwisho nikairudia.

Tangu mwezi wa nne kila mtu anajua. Daktari anajua, muuguzi anajua, Khalfani anajua, wanaokuja kunywa chai wanajua, na wewe ukaja ukajua kuliko wote. Mie peke yangu ndiye sikujua, nikawa nazunguka nalo hilo ndani ya nyumba kama mwenda wazimu. Kumbe nawe uko hivyo hivyo huko kwenye theluji. Nililia pale pale. Mteja mmoja akadhani nalilia bei, akaongeza.

Nimeshusha boksi kabatini. Nimemeza kimoja leo asubuhi, Khalfani alikuwa amesimama na bilauri yake. Sijakusamehe bado, usijisahau.

Siku nyingine ukiwa hujui kitu, niandikie haraka.

Dadako,
Mwanabaraka